Mama Mkwe wa Kidato cha Pili

Thobias Bujiku alikuwa amejiandaa kwa kila balaa linaloweza kumpata mwanachuo anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha. Alijiandaa kwa uhaba wa vitabu, kwa madarasa yaliyofurika, hata kwa vijana wanaotoroka kukimbilia mashimoni kila wakisikia dhahabu imetoka mahali. Hii ilikuwa Mwakitolyo, kijiji cha machimbo, na dhahabu haingoji kengele. Kwa jambo moja tu hakujiandaa: kumkuta mama mkwe wake kwenye dawati la nyuma, amevaa sweta la shule.

Tusimcheke kwanza, tuelezane. Mama mkwe mwenyewe, yule aliyemzaa mkewe Lusia, alikuwa zake Ibadakuli akilima mpunga. Huyu wa darasani alikuwa Klara, mdogo wake wa mwisho, kitinda mimba aliyezaliwa wakati dada yake mkubwa tayari ana watoto. Lakini kwa Wasukuma mdogo wa mama ni mama, hata kama bado anakimbizana na kengele ya asubuhi. Siku ya harusi Klara alikaa mkekani pamoja na akina mama wakwe, akapewa kitenge chake kama wenzake, akaondoka nacho kikiburuta vumbini. Na mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mikono, hawaitani majina, na wakikutana njiani mmoja hupinda. Thobias alilelewa na heshima hiyo tangu akichunga ng'ombe, nayo haivuliwi mlangoni kama kandambili.

Basi siku ya kwanza, alipoingia Kidato cha Pili B na macho yao yakagongana, Klara alizama chini ya dawati, naye Thobias akageukia ubao akaandika tarehe polepole kama mtu anayechonga mawe. Darasa likaelewa papo hapo. Watoto wa Kisukuma hawahitaji kufundishwa hayo. Tangu siku ile, kila kipindi cha Kiingereza, wasichana wa dawati la mbele ya Klara walisimamisha madaftari yao kuwa ukuta, na mwalimu akafundisha upande wa kushoto tu. Upande wa kulia ulimjua kwa kisogo.

Ungedhani jambo hilo lingebaki la kuchekwa. Lakini Thobias hakuwa na nafasi ya kuchezea. Mwaka uliotangulia alifeli mazoezi haya haya kwa woga, sauti ilimkauka mbele ya mkaguzi, na chuo kilimwambia wazi kwamba akifeli mara ya pili anaondolewa. Kuondolewa maana yake ilikuwa kurudi Runzewe, kwenye karasha, kusaga mawe ya watu na kukohoa vumbi, na shahada ya Kiingereza aliyoiota tangu akiwa mtoto iishie njiani.

Mkaguzi alikuwa Dokta Samia, mama wa pwani, mpole wa sauti lakini jicho lake halikuachi. Alikaa nyuma kipindi kizima. Kilipokwisha alimwita kando.

"Kijana, Kiingereza chako kizuri. Lakini mbona nusu ya darasa umeisusa?"

"Sijaisusa, Dokta."

"Umeisusa. Na yule binti wa nyuma kabisa, anayejificha kwenye madaftari, hukumtupia jicho hata mara moja. Nimeona kazi zake, anaandika kuliko wenziwe wote. Mwalimu anayemwacha mwanafunzi wake gizani, mimi simpitishi. Nitarudi kabla hamjafunga. Nataka niisikie sauti ya yule binti, na uisikie wewe. Nisipoisikia, ujue basi."

Thobias alitaka kueleza. Angeanzia wapi? Amwambie daktari wa chuo kikuu kwamba yule mtoto mwenye wino vidoleni ni mama yake mkwe? Aibu ilimjaa hadi masikioni, akasema tu, "Nimekuelewa, Dokta."

Alimwendea mkuu wa shule, Mwalimu Enock, kuomba abadilishiwe darasa. Mwalimu Enock, ambaye si Msukuma, alicheka hadi akavua miwani. "Darasa gani sasa, bwana? Mwalimu wa Kiingereza shule nzima ni wewe peke yako! Nikikutoa pale nimweke nani, mlinzi?"

Hapo ndipo akili ilipomrudia kwamba aibu ya ukweni huondolewa ukweni. Jumamosi akaenda Ibadakuli. Mkewe alikuwa huko na mtoto wao, akimsaidia mama yake kuvuna. Thobias hakuingia uani. Alisimama nje ya ua wa minyaa, kofia mkononi. Mama Lusia alikaa upande wa ndani akipepeta mpunga. Kati yao, penye uwazi wa ua, alisimama Lusia na mtoto mgongoni, awe daraja.

"Mwambie mama," alianza Thobias, "kwamba shida yangu ni yule mama mdogo."

"Mama, anasema shida yake ni mama mdogo," Lusia alisema.

"Mwulize, mama mdogo kamfanya nini?"

"Anauliza, kakufanya nini?"

Wakaendelea hivyo, neno likitoka upande mmoja, likipita kwa Lusia, likifika upande wa pili kwa mtu aliyekwisha kulisikia. Thobias alieleza yote: ukuta wa madaftari, Dokta Samia, karasha la Runzewe. Ilipofika habari ya kufukuzwa chuo, Lusia alichoka.

"Jamani, si mnasikiana!"

"Tunasikiana, lakini hatuongei," alimkemea mama yake. "Wewe kazi yako ni kusema."

Mama Lusia akaweka ungo chini. Thobias huku nje aliminya kofia hadi ikapoteza umbo.

"Mwambie mkwe," mama alisema, "nyumba hii nani aliiezeka bati?"

"Mimi," Thobias alijibu, kabla Lusia hajafungua mdomo.

"Mwambie alipanda juu ya kichwa changu, mimi nikiwa ndani napika, na mbingu haikuanguka. Kwa sababu ilikuwa kazi. Alipomaliza, alishuka, heshima ikarudi mahali pake. Basi na darasa ni paa. Kengele ikilia, apande, Klara ni mtoto wake, amwite jina, amkosoe, amfundishe. Kengele ikilia tena, ashuke, Klara ni mama yake. Nitampigia Klara simu mimi mwenyewe. Heshima yetu haijaletwa duniani kufelisha watu."

Lusia aligeuka kuyarudia maneno hayo, akamkuta mumewe anafuta macho kwa kofia.

"Mwambie wabeja," alishukuru Thobias. "Mwambie wabeja sana."

Dokta Samia alirudi wiki ya mwisho, akakaa pale pale nyuma. Somo lilikuwa kumwelekeza mgeni njia. Thobias alichora ubaoni kijiji chenyewe: soko, karasha, mwalo wa kuoshea dhahabu, shule. Upande wa kushoto ukajibu kwa fujo. Akageuka kulia, akawauliza wawili watatu. Wakajibu. Ukabaki ukuta wa madaftari.

Woga wa mwaka ule ulimrudia. Alilikumbuka bati, jua likimchoma mgongo, moshi wa chungu cha mama mkwe ukipanda miguuni pake.

"Klara," alisema.

Darasa zima likavuta pumzi. Msichana mmoja alijiziba mdomo. Madaftari yakashuka moja moja, na nyuma yake Klara akasimama, mikono ya sweta imemfunika hadi vidole. Akainua macho, akamtazama mwalimu wake usoni. Thobias naye akamtazama. Paa halikuporomoka.

Alimwomba ampeleke mgeni kutoka sokoni hadi shuleni. Klara alianza kwa sauti ndogo, kisha ikakomaa, Kiingereza kikimtoka safi. Akampitisha mgeni penye wauza dagaa, akamfikisha karasha, halafu, kwa kiwewe, akamgeuza kushoto. Kushoto mwa karasha ni mashimo matupu. Mgeni wa watu alikuwa anatumbukizwa.

Wanafunzi walikodoa macho. Kumwita jina ni jambo moja. Kumkosoa mama mkwe hadharani je?

"Hapana, Klara," alisema Thobias kwa upole. "Hapo umemwangusha shimoni. Jaribu tena."

Klara akatazama ubao, akaona kosa lake, akaangua kicheko. Darasa zima likacheka naye. Akamtoa mgeni shimoni, akamgeuza kulia, akamfikisha hadi mlango wa shule, na wenzake wakampigia makofi. Thobias alihisi kitu kizito, alichokibeba tangu siku ya kwanza, kikimteremka mabegani.

Kengele ililia. Dokta Samia alitoka naye barazani, akakohoa kidogo, akataka kuanza kusema. Hapo Klara akapita na wenzake wakielekea kwenye tangi la maji. Thobias aliruka kando ya njia hadi kwenye majani, akainamisha kichwa, akatazama pembeni.

"Shikamoo, mama."

Klara naye aligeuza uso upande mwingine, akasimama wima kama mtu mzima.

"Marahaba, mwanangu. Leo umetufundisha vizuri."

Akaenda zake, na wenzake hawakucheka hata kidogo. Dokta Samia alimgeukia Thobias.

"Ala! Umemwamkia mwanafunzi?"

Sasa hapakuwa na pa kujificha. Thobias alimweleza yote, mkeka wa harusi, ua wa minyaa, bati. Yule mama wa pwani alicheka hadi akaketi kwenye ngazi, akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Na mimi nikakulazimisha! Mbona hukuniambia, kijana?"

"Niliona aibu, Dokta." Kisha akauliza, "Sasa… matokeo yangu?"

"Unaniuliza mimi?" Dokta Samia alinyoosha kidole kule tangini, ambako Klara alikuwa anakunywa maji kwa kiganja. "Mama yako si amekwisha kusema? Mimi nani nimpinge?"