Mkanda wa Kikundi

Castory alikuwa amelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, kichwa chini ya mashine ya kukatia nyasi, tochi ameibana kwa meno. Mashine ilikuwa ya kupanda, yenye kiti na usukani, mali ya hoteli moja ya ufukweni Bangwe, na ilikuwa imeegeshwa nyuma ya jiko ambako wageni hawafiki. Mkanda wa kuendeshea ulikuwa umekatika. Mkanda huo hutoka kwenye injini, hupita kwenye puli mbili za katikati, kisha huenda kuzungusha gia ya magurudumu ya nyuma. Ukikatika, injini hunguruma kama kawaida na mashine haiendi popote.

"Huu umekwisha," alisema alipotoa tochi mdomoni.

Jeremia, mtunza bustani, mtu mwenye wajukuu tayari, alikuwa amechuchumaa kando. "Mimi nilimwambia bosi. Nikamwambia mkanda unapiga kelele. Akaniambia hata yeye anapiga kelele na bado anafanya kazi."

Bosi mwenyewe, Bwana Pastory, meneja wa hoteli, alifika akiwa na simu mkononi. Jumamosi kulikuwa na harusi na nyasi zilikuwa zimefika kwenye vifundo vya miguu. Mkanda wa kiwandani ungetoka Dar es Salaam, na treni haina haraka na harusi ya mtu.

"Fundi, Kigoma nzima hakuna kitu cha urefu huo?"

Castory alikijua kimoja. Kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari nyumbani kwa dada yake.

Kabla ya hoteli, pale palipo na nyasi palikuwa na uwanja wa kuanikia dagaa. Wanawake wa Bangwe walianika pale tangu enzi za mama zao, na miaka ya karibuni walikuwa wameunda kikundi, Rozalia, dada yake Castory, akiwa mwenyekiti. Dagaa wazima waliuza kwa chakula. Waliovunjika waliwasaga kwa chakula cha kuku, kwa mashine iliyokuwa ndani ya kibanda cha mabati pembeni mwa uwanja. Kila jioni Rozalia aliuvua mkanda wa mashine na kwenda nao nyumbani, kama wafanyavyo wenye mashine wote, kwa sababu mashine isiyo na mkanda haina faida kwa mwizi. Asubuhi moja alirudi na mkanda begani akakuta ukuta. Kiwanja kilikuwa na mwenyewe siku zote, wakaambiwa, ila mwenyewe hakuwa amewahi kuja. Shauri lilisikilizwa na kumalizwa kabla chai haijapoa. Kibanda kilivunjwa, mashine ikauzwa chuma chakavu. Mkanda ukabaki.

Tangu hapo kikundi kilianika kwenye maturubai kando ya barabara. Kule Kibirizi, kwenye soko la dagaa, chanja za kuanikia zote zina wenyewe. Dagaa wa kando ya barabara hujaa vumbi na changarawe za magari, na mnunuzi akimtafuna mmoja tu hujua alikolala, kwa hiyo wote, wazima kwa waliovunjika, walikwenda kwa kuku. Msimu ule hata hao hawakuwapo. Ziwa lilikuwa limefungwa ili samaki wazaliane, mitumbwi imelala mchangani. Likifunguliwa dagaa wangekuja kwa wingi, na kikundi hakikuwa na pa kuwaweka.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekuja na spana, kwa hiyo hukuja kunisalimu."

Castory alieleza. Rozalia aliendelea kumenya mihogo.

"Hoteli ile ile?"

"Ile ile."

"Walichukua uwanja, wakachukua mashine. Sasa wamekumbuka mkanda." Aliinama, akaosha mikono, akautungua msumarini. Ulikuwa bado unanuka dagaa. "Waambie ni wa kikundi. Wameazimwa, hawakupewa. Na waambie tunaomba asubuhi tatu kwa wiki, pale pale, kabla wageni wao hawajaamka. Tutafagia."

"Nitawaambia."

"Usiwaambie kwa hiyo sauti yako ya msibani."

Kwa vipimo, mkanda haukupaswa kuingia. Mkanda wa mashine ya kusagia ni mnene kuliko njia ya puli zile. Castory alichomoa waya wa plagi, akakandamiza pedali mpaka chini na kuifunga kwa kamba, akalegeza springi, akaupitisha mkanda ndani ya vizuizi vyake vyote, na ukaingia. Aliubonyeza kwa kidole gumba. Ulikuwa na mkazo unaotakiwa. Alipima tena puli, akapima tena mkanda, akaona vipimo havijabadilika, akafunga nati za mwisho.

Alimpa Bwana Pastory ujumbe wa kikundi. Bwana Pastory alisema atalifikiria.

Jeremia alipanda, akakata mstari wa kwanza kutoka ukutani hadi ufukweni, na nyasi zikaruka pembeni kama kawaida. Aligeuza. Katika mstari wa pili, kutoka kwenye mdomo wa pembeni wa mashine walianza kutoka dagaa. Walikuwa wabichi, wanang'aa, wa urefu wa kidole, baadhi wakirukaruka juu ya majani yaliyotoka kukatwa. Jeremia alizima, akashuka, akainama kuona kama visu vimeziba. Havikuwa vimeziba. Akapanda tena. Yangeyange ambao kwa kawaida hufuata mashine kutafuta panzi waliongezeka, na hawakujishughulisha tena na panzi.

Bwana Pastory alitazama kutoka barazani. "Leteni ndoo," alisema. "Na mtu afukuze hao ndege. Wageni wakiteleza watatushtaki."

Jumamosi harusi ilikula dagaa, na bibi harusi, ambaye kwao ni Ujiji, alisema hajala waliokaangwa vizuri namna ile tangu ziwa lifungwe. Wiki iliyofuata afisa uvuvi mmoja alipita kwa sababu alisikia harufu ya dagaa wabichi katika mwezi wa katazo. Alisimama ukingoni mwa nyasi, akatazama mashine ikienda na kurudi. Alisema sheria inataja ziwa. Alipewa chai, akaondoka.

Hoteli ilianza kuuza dagaa getini. Wanunuzi wa kwanza walikuwa wanawake wa kikundi, kwa kuwa hapakuwa na dagaa wengine mjini na wao hawakuwa na kazi nyingine. Walinunua kwa ndoo, wakabeba vichwani, wakavuka barabara, wakamwaga kwenye maturubai mbele ya ukuta wa hoteli. Magari yalipita. Vumbi likatua.

Zikaja siku za mbalamwezi na mashine ikatoa nyasi tupu. Castory aliitwa haraka.

"Imeharibika," alisema Bwana Pastory. "Siku ya tatu hii."

Castory alikagua alichopaswa kukagua. "Haijaharibika. Ni mbalamwezi, bosi."

"Sisi tunakata mchana."

"Dagaa hawatoki mbalamwezi. Hata ziwa likiwa wazi, wavuvi siku kama hizi hulala."

Giza liliporudi, dagaa walirudi. Lakini Bwana Pastory alikuwa amekwisha kuagiza mkanda wa kiwandani. Hakupenda hoteli itegemee kitu cha kuazima.

Habari za mkanda mpya zilifika kwa Rozalia, na hapo ndipo kikundi kilipoona njia. Uwanja hawakuweza kuudai. Shauri lake lilikwisha siku nyingi. Mkanda ulikuwa wao, hakuna aliyebisha, hata Bwana Pastory. Walikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mwinshehe, wakasema hivi: dagaa wanatokana na mkanda, mkanda umesaga dagaa miaka na miaka, umezoea. Kwa hiyo dagaa ni wa kikundi. Hawataki kugombana, hoteli iendelee kuwakata. Wao wapewe zile asubuhi tatu.

Mzee Mwinshehe alikuwa mtu wa haki kwa kadiri mambo yalivyomruhusu. Alisema hoja ina kichwa na miguu. Mkanda mpya utakapofika, ufungwe mbele yake. Mashine ikitoa nyasi, itakuwa dhahiri dagaa ni wa mkanda, na hoteli itakaa na akina mama kuhusu hizo asubuhi. Ikitoa dagaa, kikundi hakina dai. Bwana Pastory akakubali. Rozalia akakubali.

Jioni ile Castory alikwenda kwa dada yake bila spana.

"Dada, mkanda ule hauendi kwenye visu."

"Unaenda wapi?"

"Kwenye magurudumu. Visu vina mkanda wao, mfupi, uko chini. Wenu unasogeza mashine tu mbele na nyuma. Kinachokatwa haukigusi."

Rozalia alitazama mlangoni. "Umemwambia mtu?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Basi usimwambie. Pengine mkanda haujui kwamba haugusi." Akamsogezea kiti. "Na huo mpya, huwezi kuufunga vibaya?"

"Nikiufunga vibaya, mashine haitakwenda kabisa. Watasema fundi hajui, watamwita mwingine, naye ataufunga vizuri."

"Na wewe ukiufunga vizuri?"

"Itakwenda."

"Mwanamvua kashachagua upande wake wa kuanika," alisema Rozalia, akimtaja mkongwe wa kikundi. "Ule wa kuelekea maji. Nimemwambia asubiri, akasema uzee hausubiri. Tangu jana anatafuta ufagio mgumu."

Castory alikaa kwenye kile kiti. Alikuwa amechoka kama anavyochoka mtu aliyebeba kitu chepesi kwa muda mrefu.

Mkanda wa kiwandani ulifika ndani ya boksi lake, umefungwa karatasi. Wanawake wa kikundi walisimama kwenye njia ya changarawe, kwa kuwa kibao kilikataza kukanyaga nyasi. Mzee Mwinshehe alipewa kiti. Castory alitandika boksi lake, akalala chali, akachomoa waya wa plagi, akafunga pedali kwa kamba. Aliuvua mkanda wa kikundi na kumpa Rozalia mkononi. Kisha akaupitisha mpya, puli kwa puli, ndani ya vizuizi vyote. Kulikuwa na mahali pamoja, nyuma ya puli ya pili, ambapo mkanda ukikaa nje ya kizuizi hutembea robo saa kabla ya kuchomoka. Aliweka kidole pale. Akahakikisha umekaa ndani. Hakujua namna nyingine ya kufunga mkanda, na hakutaka kujifunza siku ile.

"Tayari," alisema.

Jeremia alipanda. Mstari wa kwanza ulitoa nyasi. Mwanamvua, aliyekuja na ufagio, aliubadilisha mkono. Jeremia alifika ufukweni, akageuza, akarudi kuelekea ukutani, na mdomo wa pembeni ukaanza kumwaga dagaa, wengi kuliko siku zote, wakaanguka katika mstari mweupe ulionyooka juu ya nyasi kama walivyokuwa wakianikwa zamani, safu kwa safu, nafasi ya mguu mmoja katikati ili mtu apite akiwageuza. Katika mstari wa tatu safu ya pili ilikaa sambamba na ya kwanza.

Mashine ilizimwa. Yangeyange walishuka.

"Haukuwa mkanda," alisema Mzee Mwinshehe.

"Haukuwa mkanda," alisema Rozalia. "Basi ni uwanja."

"Ndivyo ilivyo."

"Ni uwanja, mzee. Umeona mwenyewe. Ndicho tulichosema tangu siku ya kwanza."

"Nimeona, mama. Sikatai." Mzee Mwinshehe alisimama kwa kuegemea fimbo. "Lakini suala la uwanja lilikwisha. Leo tulikuja kwa suala la mkanda. Na mkanda mmerudishiwa, tena mzima."

Bwana Pastory alishukuru wote kwa utulivu wao. Alisema hoteli haina kinyongo, na kwamba akina mama wataendelea kuhudumiwa getini kabla ya wateja wengine. Akamgeukia Castory. "Fundi, inakata vizuri?"

"Inakata."

Wanawake walitoka kwa njia ya changarawe. Mwanamvua alikuwa wa mwisho, na kabla ya kufika getini alifagia kidogo pale aliposimama, kwa kuwa miguu yao ilikuwa imetawanya kokoto.

Magharibi Castory alipita kwa dada yake. Alimkuta ameufuta mkanda kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, akikagua mipasuko, akiuzungusha polepole kati ya vidole. Nje, ndoo zilikuwa zimepangwa mlangoni kwa ajili ya alfajiri.

"Unautunzia nini, dada?"

Rozalia aliutundika kwenye msumari, akaurekebisha usipinde.

"Jioni ndipo unapovuliwa, asubuhi unarudi," alisema.