Kompyuta ya Juu ya Kabati

Fundi alikuwa na kompyuta moja ambayo haikufungwa kwa miaka mitatu. Ilikaa juu ya kabati la nguo chumbani, kifuniko wazi, feni ikikoroma mchana kutwa usiku kucha, na pembeni yake karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu: USIFUNGE. WAGONJWA.

Ndani yake mlikuwa na mfumo wa kuandikisha wagonjwa wa zahanati, alioujenga mwenyewe. Aliuweka hapo kwa muda tu, eti wiki mbili, mpaka akodi seva ya maana, kompyuta ya kampuni isiyozimwa, kama wenzake wenye akili timamu. Alijaribu kuuhamisha mara tatu, na mara tatu ukagoma, maana alipokuwa akiujenga hakuandika popote programu alizopakia wala alianza na ipi. Kwenye kompyuta yake ulifanya kazi. Kwingineko, wapi. Basi akabaki kuulea. Umeme ukikatika, yeye ndiye wa kwanza kukurupuka kuhamisha waya kwenye betri. Kila Jumatatu alipiga simu zahanati kuuliza kama mfumo unawaka, akaambiwa unawaka. Na skrini ilimwonyesha wageni wakiingia kwenye mfumo, mmoja kila dakika. Safari yoyote ya kulala nje ya nyumba aliifuta.

Baba yake aliishi mwendo wa siku nzima kwa basi, na macho yake yalikuwa yakififia mwezi hadi mwezi.

"Njoo nikuone mwanangu, kabla giza halijaingia lote," alimwambia kwenye simu.

"Nakuja baba. Mfumo ukitulia tu."

"Huo mfumo hauna ndugu mwingine wa kuukalia?"

Fundi alicheka kwa kujikaza. Alikuwa amechoka, na alichoka zaidi kila alipokumbuka kwamba kazi yenyewe ni kuketi tu na kusikiliza feni. Mkewe alikuwa amesema mpaka akanyamaza, na mwanamke yule hakuwa mtu wa kunyamaza.

Ndipo homa ikamwangusha. Alilala siku tano hajijui hajitambui. Asubuhi ya sita alifumbua macho, akasikia chumba kimya. Juu ya kabati kompyuta ilikuwa imefungwa, na juu ya kompyuta kuna mrundo wa mashuka yaliyokunjwa vizuri.

"Nani amefunga?"

"Mimi," mkewe akajibu, akimkorogea uji. "Tangu siku ya kwanza. Ulikuwa unaweweseka unataka kupanda kabatini."

Alinyakua simu akitarajia kukuta zahanati nzima inamlilia. Hapakuwa na simu hata moja kutoka huko. Baba alikuwa amepiga mara mbili. Uji hakuugusa, akavaa viatu na kwenda zahanati kwa miguu, akipumzika kila baada ya nyumba chache.

Mapokezi alikuwapo muuguzi mtu mzima aliyeitwa na kila mtu Dada Mkuu, kainamia daftari kubwa lenye gamba lililochakaa.

"Dada, nisamehe sana. Mfumo umezimika siku tano, nilikuwa mgonjwa."

Dada Mkuu aliinua macho. "Kumbe umezimika?"

Fundi alishika ukingo wa meza.

"Kaka yangu, kaa kwanza, unatetemeka. Sisi tulirudi kwenye daftari zamani, haukupita hata mwaka tangu utuletee mfumo. Ukurasa wako wa kwanza unadai barua pepe ya mgonjwa, usipojaza hausogei. Sasa bibi wa miaka themanini atoe wapi barua pepe?"

"Lakini kila Jumatatu nawapigia."

"Unapiga, unauliza unawaka? Tunakwambia unawaka. Na kweli ulikuwa unawaka. Tulikuonea huruma, ulivyokuwa unahangaika nao."

Alikaa kwenye benchi la wagonjwa. Wale wageni aliowaona kwenye skrini, mmoja kila dakika, waliomtia moyo miaka yote hiyo, sasa aliwajua. Wote walikuwa ni mlinzi mdogo mmoja, kiprogramu alichokiandika mwenyewe, kazi yake kubisha hodi kila dakika kuona kama mfumo uko hai. Kuondoa dai la barua pepe kungemchukua dakika tano. Siku hata moja hakuja kuketi hapa amtazame Dada Mkuu akiandikisha mgonjwa mmoja tu. Hasira zilimpanda, akatafuta wa kumtupia, akajikuta yuko peke yake.

Alitoa simu akampigia baba.

"Baba, nakuja. Kesho asubuhi napanda basi."

Fundi alijitayarisha kuulizwa habari za mfumo.

"Njoo, mwanangu," baba alisema taratibu. "Ila ukifika mlangoni, sema neno kwanza. Nijue ni wewe."