Chumvi ya Mfarishi

Angetile alikuwa akifua mfarishi wake mtoni, upande wa Ngonga, kwa sabuni ya misheni. Blanketi hilo la viraka alilishona mwenyewe: viraka vyote vyeupe, vya amerikani, ila kimoja cha buluu, cha kaniki, alichokikata kwenye nguo ya mumewe, Asegelile. Askari wa Mdachi walikuwa wamemchukua kubeba mizigo ya vita.

Kaniki ile ilichuja. Kila ilipofuliwa, buluu ilihama kiraka kimoja ikaingia cha pili, ikifuata njia aliyoshika Asegelile: miguuni mwa mfarishi ni ziwa, kichwani ni milima. Majirani walikuja kutazama, wakasema, "Ameshapita Rungwe," wakarudi kwenye mpunga wao.

Angetile alimtaka mume, si habari za mume. Buluu ilipokaribia pindo la juu, alimwendea Felista, mwalimu wa ushonaji wa misheni.

"Dada, nguo inayochuja inazuiwaje?"

"Iloweke kwanza kwenye maji baridi ya chumvi. Usiionee huruma chumvi."

"Ndaga, dada," Angetile alishukuru.

Alitoa kuku, akapewa chumvi, akaloweka. Rangi haikusogea hata kidogo. Alijifunika mfarishi ule akalala usingizi mzito, kwa mara ya kwanza tangu mumewe aondoke.

Baada ya muda Andrea, mpagazi mwenzake Asegelile, alirudishwa nyumbani kwa kidonda cha mguu. Alipitia kwa Angetile kabla hajafika kwake.

"Shemeji, mumeo amesimama njiani, mzigo kichwani. Miguu haing'oki. Wanamchapa kiboko asubuhi, wanamchapa jioni. Huku mmefanya nini?"

"Nimetia chumvi."

"Basi itoe."

"Nikiitoa, atarudi?"

Andrea alikitazama kidonda chake. "Ataacha kuchapwa."

Angetile aliusuuza mfarishi mtoni, akionja maji yanayochuruzika, mpaka yakawa hayana chumvi. Kisha akafua kwa sabuni, kama zamani. Buluu ikatikisika, ikaanza kwenda. Alitamani kuiwekea kiganja izuilike, akajizuia yeye. Ilikwenda mpaka ikagusa pindo.

Wiki hiyo askari walirudi Ngonga kuchukua wanaume wengine, na wanawake wakaanza kukata vipande vya nguo za waume zao.

Angetile alitunga uzi kwenye sindano. Akaongeza kiraka cheupe upande wa kichwani, Asegelile asije akakosa pa kukanyaga.