Kichujio cha Mjomba

Mizani ya maabara haikuzidi sanduku la viatu kwa ukubwa, lakini siku hiyo ilimtisha mwanafunzi kuliko mtihani wowote. Pumzi tu ingeiyumbisha, kwa hiyo aliibana pumzi yake kifuani.

Mafundi wa karakana ya kukata mawe walimwita Bibi Vumbi. Alikuwa mwaka wa pili wa uzamili, akisomea afya ya watu kazini, na wiki nzima alikuwa akiwafunga pampu ndogo kiunoni, mrija wa mpira ukipanda hadi kwenye kola, ambako kichujio kilinasa vumbi wanalovuta. Wa kwanza kufungwa alikuwa mjomba wake mwenyewe, aliyekata mawe tangu mpwa huyu hajazaliwa. Mjomba alijizungusha mbele ya wenzake kama bwana harusi.

Sasa kichujio cha mjomba kilionyesha vumbi mara nne ya kiwango salama.

"Usilie kwanza," alisema msimamizi wake, mama wa miwani ya kamba, bahili wa sifa. "Kichujio kitupu kiko wapi?"

"Hiki hapa."

Kila siku alibeba kimoja kisichofungwa pampu. Kilikwenda karakanani na kurudi, kama mtalii.

"Nacho kikiwa kimeongezeka uzito, basi ni wewe uliyechafua sampuli. Utarudia zote, na kuhitimu ni mwakani."

Hapo akajikuta anaomba jambo ambalo hakuna mwanafunzi mwenye akili timamu anayeliomba: awe ameboronga. Darasa zima limcheke, arudie mwaka, mradi kifua cha mjomba kiwe kizima. Kile kikohozi chake cha alfajiri, nyumbani walikuwa wamekizoea hata wakakifanya saa ya kuamkia.

Akakiinua kichujio kitupu kwa kibanio, akakiweka kwenye mizani. Tarakimu zikapanda, zikashuka, zikasita, zikatulia.

Uzito ule ule wa mwanzo.

"Umefanya kazi safi," msimamizi alisema taratibu.

Sifa ya kwanza katika miaka miwili, na hakuitaka.

Akabakiwa na tumaini moja, jembamba kama uzi. Akatoka koridoni, akapiga simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Bibi Vumbi. Nimefaulu?"

"Mjomba, kile kifaa kilianguka? Au ulikilaza sakafuni, kwenye vumbi?"

"Mimi tena? Nilikitunza kama yai." Mjomba akashusha sauti. "Nikwambie siri. Ulipogeuka tu, kile cha kwenye kola nikakifunga leso, mikunjo miwili. Mali ya chuo ile. Nikasema nisimchafulie mpwa wangu, akaja kugombezwa."

Mwanafunzi akaegemea ukuta. Mara nne, na hilo ni vumbi lililopenya leso tu.

"Vipi, nimekuharibia?"

"Ulikifunika kutwa nzima?"

"Kutwa nzima, mama. Kilichobaki nje ni pua yangu tu."

Mjomba akaangua kicheko kwa utani wake mwenyewe. Kicheko kikakwaruza, kikageuka kikohozi. Nyuma yake msumeno ulikuwa unanguruma. Mwanafunzi akasubiri kikohozi kiishe, simu imemganda sikioni. Hakikuisha upesi.

"Mjomba," alisema kikohozi kilipotulia. "Zima mashine. Toka nje, unisubiri getini. Nakuja."

"Hee, kwani kuna nini?"

Alikuwa ameshaanza kukimbia.