Soma, Kisha Jibu

"Kaposwa! Nakwambia mama mdogo kaposwa, jamani! Na umri ule! Na ukali ule!"

Sauti ya dada mtu ilimwagika kwenye simu kama bomba lililopasuka, na mdogo mtu, aliyekuwa kazini, kwenye ofisi ya mafundi wa kompyuta wa hospitali, alipiga ukelele mpaka akajiziba mdomo mwenyewe.

Kazini walimwita Redio. Chuo alimaliza vizuri tu, ila jina hilo hakulipata kwa alama. Habari ikimwingia sikioni saa mbili, saa tatu inayo hospitali nzima, mpaka wagonjwa waliofungwa miguu juu.

Asubuhi hiyo alipewa kazi moja: kuapdeti, yaani kuweka toleo jipya la, programu ya seva ya majina. Seva hiyo ni kama mtu wa mapokezi. Kompyuta ya wodini ikitaka kuongea na ya maabara, inaiuliza seva, "Maabara anakaa wapi?" Ikijibiwa, majibu ya damu yanasafiri. Seva ikinyamaza, kila kompyuta inabaki imeduwaa kama mgeni aliyepoteza anwani.

Aliyeilea seva hiyo miaka kumi na moja ni fundi mkuu, Mzee Lebo. Mzee alibandika lebo kila kitu: nyaya, swichi, kikombe chake, hata feni, iliyoandikwa INAPIGA KELELE, IACHE. Pembeni ya skrini ya kusimamia seva alibandika SOMA, KISHA JIBU. Ijumaa alikuwa anastaafu. Bosi alishachapa barua ya kumrudisha kama mkufunzi wa mafundi wa hospitali ndogo ndogo. Ilibaki sahihi tu. Mzee hakuisema sana, lakini daftari la masomo alishalinunua, na alishalibandika lebo.

Sasa simu ya Redio, spika ikiwa wazi, iliegemea skrini. Iliegemea palepale, juu ya lebo.

"Kaposwa na nani?"

"Na yule mpima ardhi! Yule mrefu anayeinama mlangoni!"

"Muongo wewe!"

Kwenye skrini maandishi yalikuwa yakishuka, kisha yakasimama. Programu ilikuwa inauliza. Ilisema kuna faili la maelekezo ambalo mtu wa hapa amelibadilisha kwa mkono wake, na kifurushi cha toleo jipya kimekuja na faili lake. Je, liwekwe jipya? Angebonyeza kitufe cha kuendelea bila kujibu lolote, la zamani lingebaki. Programu yenyewe ilikuwa na adabu kiasi hicho.

"Utakuja tuchague kitambaa au huji?"

"Nakuja, ndiyo!" alisema Redio, na kidole kikabonyeza herufi ya ndiyo.

Maandishi yakashuka tena, yakaisha. Redio akamuaga dada yake, akaandika kwenye kundi la simu la kazini: "Seva imeapdetiwa, hata mkwaruzo hakuna!" akaweka na vikatuni vitatu vinavyocheza. Na kweli, kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Kompyuta zina tabia ya kukumbuka jibu la mwisho kwa saa nzima. Kwa saa hiyo nzima Redio alipongezwa.

Saa tano kasorobo Mzee Lebo akaingia chumba cha seva na brashi yake kupangusa vumbi. Saa tano, kompyuta zikaanza kusahau.

Maabara ikapotea kwanza, kisha famasi, kisha chumba cha picha. Kwenye korido wauguzi walianza kukimbia na karatasi mkononi. Muuguzi mkuu, mama wa mwili na sauti, akasimama mlangoni kwa mafundi na bosi nyuma yake.

"Nani kaingia chumba cha seva?" bosi akauliza.

"Mimi," alisema Mzee akitoka humo, brashi bado mkononi.

"Mzee, siku tatu zimebaki na bado unachokonoa? Si uache vitu vya watu?"

"Tumekuwa matarishi leo!" muuguzi mkuu akadakia. "Miguu yangu hii!"

Mzee akakaa mbele ya skrini. Alifungua kumbukumbu za seva, zinazoandika nani kafanya nini na saa ngapi, akasoma taratibu, midomo ikicheza kama kawaida yake. Redio alikuwa nyuma ya bega lake. Aliliona jina lake la kuingilia, na saa nne kamili, na kifurushi. Mzee aliuwekea kidole mstari huo, kisha akazifunga kumbukumbu.

"Nitalishughulikia, bosi," alisema.

Na Redio, ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo, akanyamaza.

Walipoondoka, Mzee akavuta kiti. "Kaa, mwanangu. Andika wewe."

"Mzee, mimi..."

"Andika. Faili la zamani halikutupwa. Liko kando ya jipya, limeongezewa mkia kwenye jina. Lirudishie jina lake."

Redio akaandika. Ni faili ambalo Mzee aliorodhesha humo kila idara na majina yake yanapotunzwa, orodha ambayo lile jipya halikuwa nayo, na pembeni aliandika vijimaneno: hii ni ya wodi ya watoto, usiiguse kabla ya kuwaambia. Wakalikagua, wakaiambia seva isome upya. Dakika sita. Maabara ikarudi.

Kisha simu zote zikalia pamoja. Bosi kaandika kundini: "Tatizo limekwisha. Lilitokana na kugusagusa vifaa. Suala la ukufunzi nitalitazama upya." Chini yake mtu wa famasi akaandika, "Redio pole, umeharibiwa kazi nzuri!" Watu tisa wakaweka dole gumba.

Mzee alisoma, akairudisha simu mfukoni. Akalichukua lile daftari jipya mezani, akalitia kwenye droo.

Droo ile ndiyo iliyomshinda Redio. Uso ulimwaka mpaka masikioni. Alikwenda chooni, akanawa, akarudi, akatoka tena. Saa nane alikuwa mlangoni kwa bosi. Muuguzi mkuu alikuwemo, anakunywa maji. Redio alitamani amsubiri atoke, akajua akisubiri yeye mwenyewe ataghairi.

"Ni mimi, bosi. Si Mzee."

"Wewe nini?"

Akasema yote. Alieleza kifurushi, swali, na ile ndiyo. Akataja na simu, lebo iliyofunikwa, na mama mdogo na mpima ardhi. Muuguzi mkuu alipaliwa na maji.

"Mzee ndiye kakutuma?"

"Mzee hajanena hata neno. Alijua tangu saa tano."

Bosi akaivuta barua ya ukufunzi, akatia sahihi, akaupuliza wino.

"Mpelekee. Na huko kundini nitaandika mwenyewe. Wewe nikuone kesho saa mbili, na kumbukumbu zote. Bila simu."

Mzee aliisoma barua mara mbili. Redio alisubiri japo tabasamu.

"Ungesema saa tano," alisema Mzee, "nisingeandikwa vile kundini." Akalitoa daftari kwenye droo, akageuka. Redio alijua hakustahili zaidi.

Jioni dada mtu akapiga. "Haya, leta! Nimeambiwa kwenu leo kulikuwa moto. Nani kaharibu?"

"Mimi."

Safari hii aliyepiga ukelele ni dada.

"Wewe? Ilikuwaje? Bosi kasemaje? Kakufukuza?"

Redio alijilaza, simu sikioni, macho kayafumba. Kwa mara ya kwanza habari ilikuwa mdomoni mwake na haikutaka kutoka.

"Bosi nakutana naye asubuhi, dada. Yaliyobaki nitakusimulia kesho, na pale nilipokosa mimi sitaparuka."