Damu ya Pongo

Seif alilala na tonge la ndizi mkononi. Si kwamba alikuwa amechoka. Jua lilikuwa bado la asubuhi, na wateja walikuwa mlangoni pa duka wakimtazama. Kaka yake Zubeiri, aliyemlea tangu walipobaki yatima, alilitoa lile tonge taratibu, akamfuta vidole, kisha akaendelea kuuza chumvi kana kwamba hakuna lililotokea. Lakini nani asiyejua? Malale yalikuwa yamebisha hodi Nyaishozi, na malale si mgeni wa kupewa jembe siku ya tatu akashika njia.

Ndipo Zubeiri alipokwenda kambini kwa madaktari wawili, Mdachi wa upande huu uliotawaliwa na Wajerumani na Mwingereza aliyevuka mto Kagera kuja kushirikiana naye. Walikuwa wakitafuta vijidudu vya malale katika damu ya wanyama wa porini, na kwa pongo, yule paa wa vichakani, walikuwa wamekwama. Wawindaji wao Wanyambo walikuwa wa ukoo ambao pongo ni mwiko wake. Hawakuwa tayari kumwua kwa ajili ya vioo vya wazungu vya kupimia damu. Zubeiri, ambaye babu yake alitoka pwani, hakuwa na mwiko huo, akajitolea kuchinja. Yeye mwiko wake ulikuwa damu. Tone moja likimrukia kanzuni, hakuswali mpaka aifue.

Pongo aliponaswa wavuni, Zubeiri alimwelekeza kibla, akapiga bismillahi, akachinja. Kisha akainama, akakinga kichupa chini ya koo. Damu ilimchuruzika hadi viwikoni. Hakuona kinyaa, na jambo hilo lilimshangaza. Moyoni mwake mlikuwa na neno moja tu, dawa.

Madaktari walipokezana hadubini hadi adhuhuri. Mara Mwingereza akacheka, Mdachi akamkumbatia, watu ambao jana yake walibishana hata juu ya chai. Wakamwita Zubeiri naye achungulie. Akaviona: vyembamba, vikijinyonganyonga kama viluwiluwi dimbwini.

"Huyu pongo alikuwa anaumwa?" akauliza.

"Hapana," Mdachi akajibu. "Alikuwa mzima kabisa. Anaishi navyo tu."

"Na dawa, Bwana Daktari?"

Mdachi akaacha kutabasamu. Akamweleza bila kumficha kwamba dawa bado. Walichopata ni mahali ugonjwa unapojificha, na huenda kazi hiyo ikawafaa watu watakaokuja baadaye. Zubeiri alishukuru, maana adabu ni adabu. Lakini mnyama alikuwa navyo na bado akiruka vichaka; Seif wake alikuwa navyo, na tonge lilimshinda.

Alirudi nyumbani na paja la pongo. Mkewe Mwajabu akapika mchuzi, Zubeiri akanawa, akanawa tena, kisha akaketi kitandani na kumwinua mdogo wake kichwa. Seif akafumbua macho.

"Shikamoo, kaka. Wamepata?"

Zubeiri alikoroga mchuzi uliokwisha kukorogwa.

"Marahaba. Wamepata."

"Alhamdulillahi," Seif akasema, akanywa wote. Zubeiri alibaki ameshika bakuli tupu, mpaka usingizi ulipomchukua mdogo wake.