Dakika Nne za Kutazama Bahari

Kwa miaka thelathini na mmoja Murdoch Buchanan alisafisha theluji katika barabara inayoizunguka pwani ya kisiwa cha Cape Breton, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuizunguka. Kipande chake kilianzia nyumbani, Ingonish, kikapanda Mlima wa Kaskazini na kuishia kileleni, kwenye nguzo ya chuma yenye mstari mwekundu. Hapo alinyanyua koleo kubwa lililofungwa mbele ya lori, akageuza, akarudi. Ng'ambo ya nguzo ilikuwa kazi ya mtu mwingine. Hospitali, kanisa, duka la misumari na makaburi ya wazee wake vilikuwa vyote upande wa huku, kwa hiyo hakuona haja ya kuvuka.

Ilikuwapo sababu nyingine, na hiyo hakupenda kuisema. Dereva wa ng'ambo aliitwa Wilfred Chiasson, wa Pleasant Bay. Hawakuwahi kuzungumza. Lakini kila alfajiri ya baridi Murdoch alipofika nguzoni alikuta tuta la theluji, refu kama hatua ishirini, limesukumwa upande wake na kusawazishwa vizuri, kama mtu aliyetandika kitanda. Murdoch alilirudisha. Kesho yake lilikuwa limekuja tena. Na siku walizokutana pale juu, kila mmoja ndani ya lori lake, Chiasson alimwashia taa mara mbili, kama anayecheka. Murdoch naye alimwashia mara mbili, kwa hasira. Aliandika barua nne kwa wakubwa wake. Walimjibu moja, wakamwambia kwamba theluji haina mwenyewe.

Mkewe, Effie, alikuwa na hesabu yake. Siku ya harusi yao aliahidiwa kwamba atazungushwa barabara yote, kilomita mia mbili tisini na nane, bahari ikiwa upande wa dirisha lake. Walijaribu mara tatu. Mara ya kwanza walirudishwa na ukungu. Mara ya pili Murdoch alisikia harufu ya klachi ambayo pua nyingine yoyote haikuisikia. Mara ya tatu walikunywa chai kwa shangazi Jessie kule Cape North hadi jua likaanza kushuka. Effie alikuwa amegundua jambo moja, akalitunza kimya kimya: ukungu, klachi na jua vyote viliwageuzia penye nguzo ileile.

Murdoch alistaafu mwezi wa Machi. Mwezi wa Julai Flora, dada yake Effie, alipiga simu kutoka Sydney. Lilikuwapo basi la wazee litakaloizunguka barabara mwezi wa Agosti, na kiti cha pembeni yake kilikuwa wazi. Alitaka jibu kabla ya Jumapili ya pili.

Effie alimweleza mumewe habari hiyo kwa sauti ileile anayoulizia kama maziwa yapo.

"Tutakwenda sisi kwanza," alisema. "Ila safari hii ukigeukia nguzoni, naenda na Flora. Nitaizunguka barabara yako pamoja na mwanamke anayekoroma akiwa macho."

"Sitageuka."

"Basi kaa uandike ratiba. Ratiba ya watu, siyo ya lori."

Murdoch alikuwa mtu wa utaratibu. Alinoa penseli, akapiga mistari kwa rula, akafanya kazi siku mbili kwenye meza ya jikoni. Effie alivaa miwani akaisoma ratiba kwa makini. Mwendo ulikuwa kilomita arobaini kwa saa. Pembeni ya kila kilima palikuwa na maelezo: hapa upepo husukuma kutoka kushoto, hapa punguza mwendo, barafu haionekani. Mahali pawili pameandikwa, ongeza mchanga na chumvi.

"Murdoch, ni Julai."

Aliitazama karatasi kwa muda, akakiri kwamba ni kweli, ni Julai.

Ratiba ya pili ilikuwa ya mwendo wa gari. Kuondoka saa mbili asubuhi, kurudi saa kumi na mbili jioni. Kila mahali pa kutazamia bahari aliona hapahitaji zaidi ya dakika nne. Effie aliuliza dakika nne zilitoka wapi. Murdoch akaeleza kwamba moja ni ya kushuka, mbili za kutazama, moja ya kupanda.

"Bahari ile ni kubwa, bwana."

"Kubwa ndiyo, lakini ni ileile. Ukishaiona mara moja umeiona."

"Na mimi je? Ukiniona leo, kesho hunitazami?"

Murdoch alichukua kifutio, akaandika dakika sita.

Kisha Effie akaomba penseli. Alisema ratiba ile ni nzuri, ila imehesabu barabara na kusahau watu. Akaanza kuongeza chai. Kwa binamu Dolina, saa moja. Kwa mjane wa Archie, nusu saa, kwa sababu hasikii vizuri na mazungumzo huisha upesi. Kwa shangazi Jessie, saa moja unusu, hapo ni kwa kumkatiza. Murdoch alijumlisha akaona kwamba watafika Cape North, kilomita arobaini na ushee kutoka nyumbani, wakati ambapo ratiba yake ilitaka wawe wamekwisha kula mchana kilomita sabini mbele. Akashauri wapite bila kusimama. Wanaweza kuvaa kofia.

"Gari letu ni la kijani lenye mlango mmoja mweupe," Effie alisema. "Tuvae kofia sisi, au tulivike gari?"

Katika pwani ile, ukipita mlango wa ndugu bila kuingia, habari itakuwa imefika kanisani kabla yako, na itakuwa imeongezwa chumvi. Murdoch aliziacha chai. Ndipo alipoona ile ya nne, imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya mlima, upande wa pili: Pleasant Bay, kwa Theresa, chai.

Theresa alikuwa binti wa mama mdogo wa Effie. Murdoch alikuwa na habari zake zote, pamoja na habari ya mtu aliyemwoa.

"Hiyo iwe dakika kumi," alisema. "Nitainywea ndani ya gari."

"Inywee popote. Mradi gari liwe limevuka."

Waliondoka Alhamisi, saa mbili kamili. Saa mbili na dakika tisa walikuwa wamekaa kwa Dolina, mbele ya sahani ya biskuti za shayiri. Dolina alishangaa kusikia kwamba wanazunguka. Yeye hajawahi, alisema, ila ameona picha. Mjane wa Archie aliuliza mara tatu wanakwenda kwenye mazishi ya nani. Shangazi Jessie, mwenye miaka tisini na moja, alimtazama Murdoch juu ya kikombe chake akamwambia atawawekea birika la maji, maana kwa kawaida wakipanda mlima hurudi baada ya dakika arobaini.

Effie hakucheka. Alishika mkoba wake, akasema asante shangazi, leo tusiwekewe.

Walipanda mlima saa saba mchana. Murdoch alikuwa mtulivu. Alimwonyesha mkewe kona ambapo mwaka fulani alimvuta daktari kutoka mtaroni, na mti uliomvunjia kioo. Anga lilikuwa safi, klachi haikunuka. Nguzo ikatokea mbele yao na mstari wake mwekundu, na kando yake kile kiwanja cha kugeuzia.

Moyoni Murdoch alikuwa amekwisha vuka. Mikono haikumwomba ruhusa. Iliuzungusha usukani kama ilivyouzungusha alfajiri elfu kadhaa, mguu ukasaidia, na kabla hajajua, gari lilikuwa limegeuka vizuri kabisa na kuelekea Ingonish.

Lilisimama.

Effie alifungua mlango, ule mweupe, akashuka na mkoba wake. Alitembea bila haraka, akaipita nguzo, akaendelea kidogo, kisha akasimama kando ya barabara akitazama mbele. Gari la watalii lilipunguza mwendo, na dereva akamuuliza kama anahitaji msaada.

"Namsubiri mume wangu," Effie alimjibu. "Anakuja, anatokea Ingonish."

"Ni mbali?"

"Hatua ishirini. Lakini ni mzee, tumpe muda."

Murdoch aliyasikia yote kupitia dirishani. Alimtazama mkewe kwenye kioo cha pembeni, mdogo, koti la bluu, mgongo umenyooka. Alijua kwamba hatarudi garini likielekea kule, hata akibembelezwa. Aliwaza juu ya basi, na Flora, na kiti cha dirishani. Kisha aliushika usukani kwa nguvu kama mtu anayemshika mbuzi pembe, akaugeuza tena, na kuipita nguzo kwa mwendo wa mtu anayekwenda kwa miguu. Alipofika alipo Effie alinyoosha mkono kumfungulia mlango.

"Umechelewa," Effie alisema, akapanda.

Upande ule wa mlima hakuujua hata kona moja. Aliteremka polepole mno, akivuta nyuma yake msururu wa magari kumi na moja, naye akiwaza kwa mara ya kwanza kwamba mtu aliyepanda hapa kila alfajiri ya barafu hakuwa mzembe. Hilo hakulisema.

Theresa alikuwa mlangoni. Kabla Murdoch hajazima gari, mume wa Theresa alikuwa amekwisha fika dirishani, mtu mfupi mwenye mashavu mekundu, mikono wazi.

"Taa Mbili!" Wilfred Chiasson alisema. "Theresa, njoo umwone. Ndiye huyu, Taa Mbili wangu."

Chai ya kunywea ndani ya gari haikuwezekana, maana mwenyeji alikuwa amekwisha mshika mkono na kumshusha. Mezani Chiasson alieleza, huku akimjazia sahani, kwamba kwa miaka yote ile alipokuwa peke yake juu ya mlima gizani, akiziona taa za mwenzake zikimjibu mara mbili, alijua kwamba upande wa pili kuna mtu. Akirudi nyumbani Theresa humuuliza, Taa Mbili yupo leo? Naye hujibu yupo. Siku ambayo hakuziona, kifungua kinywa hakikupita vizuri.

Murdoch alikoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari. Alikuwa amebeba maneno yake miaka thelathini na mmoja, ameyapanga, ameyanoa, na sasa yalikosa pa kuingilia. Lakini alikuwa mtu wa utaratibu, na jambo lililo kwenye orodha lazima lifikiwe.

"Lile tuta," alisema.

"Tuta lipi?"

"La theluji. Pale nguzoni. Kila siku unanisukumia."

Chiasson aliweka kikombe chini. "Lile? Nilidhani ni upepo. Mimi nikilikuta upande wangu nililisogeza kwako, mwanyumba, kwa sababu lori lako lilikuwa kubwa. Nikasema, Taa Mbili hili kwake si kitu."

"Na mimi nililirudisha."

"Ulilirudisha wewe?"

"Kila siku."

Wale wawili walitazamana. Ilichukua muda kidogo kuona kwamba katika kila msimu wa baridi wa maisha yao ya kazi walikuwa wamesukumiana theluji ileile moja, hatua ishirini kwenda, hatua ishirini kurudi, hadi jua la mwezi wa nne lilipowahurumia. Chiasson ndiye aliyeanza kucheka. Murdoch alijizuia kwa heshima ya zile barua nne, kisha naye akashindwa.

"Walikuwa wakitulipa kwa hilo," alisema, akifuta macho.

Ilipofika saa kumi na moja chai ilikuwa imegeuka kuwa supu ya samaki. Murdoch alitoa ratiba mfukoni. Kwa mujibu wake, wakati ule walipaswa kuwa wameupita mji wa Baddeck na kukaribia nyumbani. Walikuwa wametembea kilomita sabini na mbili. Kurudi Ingonish kupitia mlimani kulikuwa mwendo wa saa moja na kidogo tu, na Effie alijua hivyo. Aliacha kula, akimtazama.

Murdoch alilamba ncha ya penseli. Juu kabisa ya karatasi, mbele ya neno Alhamisi, aliandika: siku ya kwanza. Kisha akauliza, bila kuinua macho, kama nyumba hii ina kitanda cha wageni, akaongeza kwamba dawa zake za shinikizo la damu ameziacha nyumbani.

Effie alifungua mkoba. Alitoa dawa, miswaki miwili na nguo yake ya kulalia iliyokunjwa vizuri.

"Toka lini umevibeba hivyo?"

"Toka uliponipa dakika nne," alisema.

Asubuhi walipoondoka, Chiasson alikuwa amekaa ndani ya gari lake mbele ya nyumba kwa kusudi hilo tu. Aliwasha taa mara mbili. Murdoch alimjibu mara mbili, akaenda zake upande wa mbele.

Walifika Ingonish Jumapili alasiri, wakitokea upande wa kusini, mita ya gari ikisomeka kilomita mia tatu arobaini na moja, kwa sababu ya chai zilizokuwa mbali na barabara kuu. Simu ilikuwa inalia. Murdoch ndiye aliyepokea, na alikuwa Flora, anataka jibu la kiti.

Alimwambia kwamba Effie hatakihitaji. Flora akauliza kama ni kweli wamezunguka, akamwomba amsomee ratiba yake, ili watu wa basi wajue muda wa kila mahali. Murdoch alivaa miwani akamsomea taratibu. Siku ya kwanza, kilomita sabini na mbili, chai nne. Siku ya pili, kilomita themanini, chai tano. Siku ya tatu, chai tatu. Siku ya nne, ubatizo mmoja.

"Shemeji, hiyo ni wiki nzima kwa basi," Flora alisema. "Basi lina watu arobaini. Kila mmoja ana ndugu zake."

Murdoch alitafakari. Alivuta karatasi safi na rula.

"Ngoja," alisema. "Nipe majina yao."